Kamba Iliyofuliwa

Mtaani walimwita Mama Povu, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa dobi wa tangu zamani, mwenye chumba cha kufulia kilichotazama barabara, masinki mawili ya saruji, pasi mbili na kamba za kuanikia juu ya paa. Alijua kutoa wino, damu, kutu na grisi. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kukiri kosa. Mteja akirudi na shati lililobabuka mgongoni, Mama Povu aliligeuza huku na huku, akaliinua kwenye mwanga, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba lilikuja hivyo hivyo. Aliyasema maneno hayo kwa miaka mingi hata mwenyewe akayaamini, na wateja, kwa kuwa nguo zao nyingine zilirudi zikimeta, waliyameza wakaenda zao.

Ulimi nao alikuwa nao. Binti yake wa pekee, fundi cherehani, alipomleta nyumbani kijana anayesafisha vioo vya maghorofa, Mama Povu alimkagua tangu viatu hadi nywele, akamuuliza kazi yake hasa ni ipi. Kijana akaeleza kwamba anavaa mkanda, anateremka kwa kamba kutoka juu ya paa, anafuta vioo huku akining'inia. Mama Povu akasema, mbele ya wajomba na mashangazi wote, kwamba amesikia watu wakioza mabinti kwa wakulima, kwa walimu, hata kwa wavivu, lakini kumwoza binti kwa mjusi ndiyo kwanza anaona. Watu walicheka wakashika mbavu. Kijana naye alicheka, kwa adabu, na tangu siku hiyo jina la Mjusi likamganda. Binti peke yake hakucheka.

Ukweli ni kwamba Mama Povu aliogopa. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa minara, mtu wa kushinda juu mchana kutwa, na mkewe aliijua vizuri ile kazi ya kukaa chini ukisikilizia mlango. Hakutaka binti yake airithi. Lakini badala ya kusema anaogopa, alitania, na utani ule ulipenya mahali ambapo hofu ingeeleweka. Harusi ilifungwa, alihudhuria, alivaa akapendeza, ila kati yake na nyumba ya binti yake pakaingia ubaridi. Walikuja kumsalimia, wakaketi ukingoni mwa kiti, wakaaga mapema. Mkwe alimwita "mama mkwe" kila alipofungua mdomo, na neno "mkwe" alilitamka vizuri lisije likapotea njiani.

Basi siku moja binti alipita kuchukua mashuka, akalalamika kidogo, si kwa mama yake hasa, kwa hewa tu, kwamba kamba za mume wake zimechoka. Msimamizi wao amemwambia moja aitupe, naye anavutavuta siku kwa sababu kamba za kazi ile si za bei ya kitoto. Mama Povu akaitikia mhm, akaendelea kukunja. Binti alipoondoka, akapanda kwenye kiti na kushusha mfuko wa turubai uliokaa juu ya kabati la chumbani kwake.

Ndani ya mfuko ule mlikuwa na kamba ya marehemu. Aliinunua mpya miezi michache kabla ya kuugua, akaileta nyumbani, akaionyesha kama mtu anayeonyesha koti la sikukuu, kisha maradhi yakamlaza na kamba haikutoka tena. Yeye ambaye kila mtu alitarajia ataanguka alifia kitandani. Mkewe aliupangusa mfuko vumbi kwa miaka yote hiyo bila kuufungua. Sasa aliufungua, na moyo wake ukafanya haraka kupanga mambo. Alimwona mkwe wake akiipokea. Alimwona binti yake akimtazama vizuri tena. Kamba haijabeba hata paka, alijiambia, na leo itarudisha watu mahali pao.

Kasoro ilikuwa moja. Msimu fulani paa lilivuja, na unyevu uliingia kwenye mfuko. Kamba ilikuwa nyeupe yenye uzi wa buluu, lakini upande mmoja ulikuwa na ukungu mweusi, madoa madoa, na harufu ya chumba kilichofungwa. Mtu mwingine angeiacha ilivyo, au angeuliza. Huyu alikuwa dobi. Kumpa mkwe aliyekwisha kudharauliwa kitu chenye madoa, kwake ilikuwa ni kumdharau mara ya pili. Akatafuta beseni kubwa kuliko yote, akamimina maji, akamimina dawa ya madoa, ile kali ya mashuka ya hoteli, akatazama, akaongeza. Kamba ikalala humo mpaka asubuhi pamoja na kigwe chake, kile kijikamba chembamba cha nailoni kilichotoka nayo dukani kuifungia. Asubuhi akaisuuza mpaka mikono ikakunjamana, akaianika kivulini. Ilitoka nyeupe pepepe. Aliizungusha akaifunga kwa kitambaa kipya cha kijani, kile kigwe akakitia mfukoni mwa aproni, akaitazama kazi yake kwa furaha ya kweli.

Jumapili waliitwa kula. Mama Povu alisubiri sahani ziondoke, akaleta kamba, akaiweka kwenye magoti ya mkwe wake. Alisema ni ya baba yake mkewe, haijawahi kutumika, na kama kuna mtu wa kuipa uhai, basi mtu huyo ni yeye. Mjusi aliichukua. Alipitisha kamba vidoleni, kipande kwa kipande, akiminya na kuikunja, na macho yake yakawa mekundu. Akasema, "Ahsante, Mama."

Hakusema mama mkwe. Binti alilisikia, mama alilisikia, na binti akamjazia mama yake maji kwenye glasi.

Kisha kijana akaeleza, kwa aibu kidogo, kwamba bosi wao ni mgumu. Wanamwita Breki kwa sababu kila kazi ikikolea yeye huisimamisha akague kitu. Breki hatapokea kamba asiyoijua maisha yake. Umri wenyewe si tatizo kubwa, alisema, kamba isiyotumika ikikaa pakavu, pasipo jua, inaweza kukaa miaka kadhaa ikabaki nzima, na hii miaka yake bado haijapita kiasi. Tatizo ni kwamba kamba ikidhurika hailalamiki. Inaweza kuonekana mpya, ikaminyika vizuri, kumbe ndani imekwisha. Kwa hiyo lazima yule aliyeihifadhi aulizwe.

"Na aliyeihifadhi ni wewe, Mama," alisema akicheka. "Kwa hiyo naomba unijibu kama unamjibu Breki. Imewahi kukaa juani?"

"Haijawahi."

"Mafuta, petroli, maji ya betri?"

"Ndani ya nyumba yangu? Hapana."

"Dawa yoyote kali? Dawa ya madoa, kwa mfano. Hiyo inakula nailoni hata usione alama."

Hapo ndipo penyewe. Mama Povu alikuwa ameshika glasi, na glasi ikabaki hewani. Alijua. Si kwamba alishuku. Alikuwa dobi, alijua nailoni na dawa ile hazipatani, ameshaharibu soksi na vazi la kuogelea la watu, akasema vilikuja hivyo hivyo. Ila kamba nene namna ile hakuifikiria kuwa nailoni. Aliifikiria kuwa kamba. Sasa maneno yalimjia yote mpaka kwenye meno: niliifua, mwanangu, iache. Akamtazama binti yake, aliyekuwa ameegemeza kidevu mkononi na kumtazama mama yake kwa macho laini ambayo alikuwa hajayaona muda mrefu. Akawaza watakavyosema. Mama aliyemwita mkwe wake mjusi, leo amempa kamba aliyoichovya kwenye dawa. Nani ataamini kwamba ni mapenzi?

"Haijaguswa na kitu," alisema. "Ilitoka dukani, ikakaa kabatini. Basi."

Mjusi akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaiweka kamba begani. Waliondoka jioni, wamechelewa, wakicheka mlangoni. Mama Povu aliosha vyombo ambavyo binti yake alikwisha kuviosha.

Jumatatu alijitetea. Aliisuuza vizuri, alijiambia, zaidi hata ya nguo za mtoto mchanga. Kamba ni nene, dawa iligusa juu tu. Marehemu hakununua vitu dhaifu. Na tena wale vijana hufunga kamba mbili: ya kukalia, inayobeba mtu muda wote, na ya kudakia, inayoning'inia pembeni bila kazi, inayomdaka mtu ile ya kwanza ikikorofisha. Binti alimpigia simu kumwambia kwamba Breki ameiminya kamba yote kwa vidole, akauliza maswali yake, akapewa majibu, akaipitisha iwe ya kudakia. Mama Povu akashusha pumzi. Ya kudakia haibebi mtu. Alifurahi hivyo kwa muda kama wa kukunja shuka moja, kisha akatambua kinyume chake, kwamba kamba ile ikioza hakuna atakayejua mpaka ile siku inapohitajika. Binti akaendelea kusimulia kwa raha zake. Kwa kuwa sasa ana ya kudakia ya uhakika, mumewe ameamua ile ya kukalia, iliyoanza kutoa nyuzi, aivumilie mwezi huu mmoja ndipo ainunue nyingine.

"Ni wewe umetuokoa, Mama," binti alisema.

Siku zilizofuata hakuwa mtu. Alifua, ndiyo, kwa sababu mikono ilijua njia, lakini utani ulimkauka mdomoni. Mteja mmoja alileta kanzu yenye doa la chai, akasubiri kutaniwa kama kawaida, akaona anapewa risiti tu, akauliza kama kuna msiba. Kila honi barabarani ilimshtua. Mara mbili alichukua simu akatafuta namba ya mkwe wake, na mara zote mbili akajikuta anatunga sababu: kamba ya marehemu nimeiota, nirudishie; kuna ndugu anaidai. Uongo ulimjia kwa urahisi, ukweli peke yake ndio uliokataa kutoka. Akairudisha simu mfukoni. Alijichukia, na kuchukia kwenyewe hakukumsaidia mtu aliyekuwa ukutani.

Alhamisi asubuhi alikuwa anafunga furushi la mashuka ya mteja. Uzi wa kufungia ulikuwa umekwisha. Akatia mkono kwenye aproni, akakuta kile kigwe, akakizungusha kwenye furushi na kukivuta kwa nguvu aliyoizoea. Kikakatika. Hakikuvutika wala kutoa sauti, kilitengana tu mikononi mwake kama uzi wa pamba uliolowa. Akachukua kipande kilichobaki, akakivuta tena. Nacho kikakatika, kikaacha unga mweupe kwenye vidole.

Nitasema alichofanya baada ya hapo, maana hata yeye hajakificha. Alirudi kwenye pasi. Alilitandaza shati la mteja akalipiga pasi lote, kola, mikono, mpaka kati ya vifungo, akijiambia kwamba kigwe ni kigwe na kamba ni kamba. Alilitundika. Akachukua la pili. Ndipo akaizima pasi, akatoka na aproni yake bila kufunga mlango, yeye ambaye hufunga mlango hata akienda kutupa maji.

Jengo la vioo ambalo mkwe wake alikuwa akilisafisha wiki ile lilikuwa mitaa kadhaa mbele, nyuma ya stendi. Alitembea, akakimbia, akatembea tena, kijasho chembamba kikimtoka. Alipofika kwenye kona aliinua macho, na akamwona. Alikuwa juu sana, mdogo, amekaa kwenye kibao chake kati ya madirisha, mkono wake ukienda na kurudi kwenye kioo. Kamba mbili zilishuka kutoka paani hadi kwake. Moja ilikuwa ya kijivu. Nyingine ilikuwa nyeupe, nyeupe kuliko kitu chochote kwenye ukuta ule, na jua lilipoipiga ilimeta kama kila kitu kinachotoka kwa Mama Povu.

Alitaka kupiga kelele, akaziba mdomo kwa mkono. Alikumbuka maneno ya mumewe kwamba mtu aliye juu haitwi kwa ghafla. Akamtafuta Breki, akamkuta nyuma ya utepe wa tahadhari, mzee mfupi mwenye kofia ngumu na redio ya mkononi. Akamshika kiwiko.

"Ile nyeupe," alisema. "Niliifua. Niliiloweka usiku kucha kwenye dawa ya madoa."

Breki hakumuuliza yeye ni nani. Alimtazama usoni mara moja, akainua redio, akaongea kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Alimwambia aliye paani ateremshe kamba ya akiba, taratibu, na amwambie Mjusi ajifunge nayo kwanza asiguse kingine. Mama Povu alisikia kila neno na hakuelewa utulivu ule unatoka wapi. Kamba ya njano ikaanza kushuka kutoka paani. Ilishuka polepole mno. Upepo uliisogeza pembeni, ikarudishwa juu kidogo, ikashuka tena. Muda wote huo alikodolea macho ile ya kijivu iliyotoa nyuzi, akiiomba, kweli kabisa akiiomba, kamba ya watu, ivumilie. Alitamani mtu amtukane. Mikono ya kijana ikaipokea ile ya njano, ikafungafunga kwenye mkanda, na Breki, kwa mara ya kwanza, akapumua kwa mdomo. Hapo Mama Povu akajua kwamba naye alikuwa ameogopa.

Mjusi aliteremka hadi chini akishangaa, ndoo ikigongana na goti lake. Alipomwona mama mkwe wake alidhani kuna mgonjwa, akaanza kuuliza mkewe yuko wapi. Breki akamwambia kwa ufupi. Kijana akamtazama Mama Povu, halafu kamba, akasema huenda haina neno, yeye mwenyewe ameiminya na Breki ameiminya. Breki akasema hapandi mtu tena na kitu kile hata kikivuta gari, lakini anataka vijana wake waone kwa macho, ili siku nyingine wasimwite msumbufu.

Wakaenda nyuma ya jengo, penye boriti ya chuma ya kupandishia mizigo. Wakafunga ncha ya kamba nyeupe juu, nyingine wakaifunga kwenye gunia la mchanga lenye uzito wa mtu mzima. Wakalivuta gunia juu, wakaliachia. Gunia likaanguka, kamba ikakaza kwa kishindo, likaning'inia likizunguka. Ilishika.

Wafuta vioo wakapiga makofi. Mmoja akasema Mama Povu amewapotezea asubuhi, sasa awafulie ovaroli zao bure. Mjusi akacheka kwa sauti, akamgusa bega, akamwambia, "Unaona, Mama? Baba hakununua kitu kibovu." Naye Mama Povu akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, chepesi, na ndani yake, lazima isemwe, kulikuwa na wazo la haraka kwamba basi yamekwisha, hakuna atakayeuliza zaidi, atarudi kwenye pasi zake na jambo lote litakuwa hadithi ya kuchekesha watu Jumapili.

Breki akaamuru warudie. Gunia likavutwa, likaachiwa. Safari hii hakukuwa na kishindo. Kamba iliachana katikati hewani, kimyakimya, na gunia likapiga saruji likapasuka. Mchanga ukamwagika mpaka kwenye viatu vyao.

Hakuna aliyepiga makofi. Breki akaokota ncha, akaipasua ganda kwa kucha, akawaonyesha nyuzi za ndani. Zilitoka vipande vipande, na unga ukabaki kwenye kiganja chake. Mjusi alikaa chini palepale, kwenye mchanga, kofia kichwani na mkanda kiunoni. Akaanza kufungua vifungo vya mkanda, na vidole vikashindwa. Mama Povu alipiga magoti amsaidie, kijana akamwacha, na kwa muda kidogo walishughulika na kifungo kimoja kama mama na mwana.

"Ulijuaje?" kijana aliuliza taratibu.

Akamweleza habari ya kigwe. Kwamba alikifua pamoja na kamba, kwamba asubuhi hii alikuwa anafunga furushi, kwamba kilikatika mikononi mwake. Kila neno lilikuwa la kweli. Kijana alimsikiliza akiitikia kwa kichwa, na uso wake ukaanza kulainika. Alikuwa anatafuta njia ya kumsamehe, na alikuwa ameshaiona.

"Kwa hiyo umejua leo," alisema. "Ukaja mbio. Jumapili hukujua kama kuifua ni kosa."

Wala hakuwa anauliza. Alimwekea jibu mkononi, tayari, limekunjwa vizuri. Mama Povu alichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa, na angebaki Mama, na binti yake angesimulia siku zote jinsi mama yake alivyokimbia mitaa yote ile na aproni kumwokoa mumewe. Breki alikuwa amesimama pale. Wafuta vioo walikuwa wamesimama pale. Maneno ya zamani yakamjia yenyewe, yale yale ya kila mteja, na safari hii hakuyahitaji hata kuyasema.

Alijikaza kisabuni. "Nilijua Jumapili," alisema. "Ulipotaja dawa, nilijua. Nilinyamaza kwa sababu uliniita Mama. Nimejua siku zote hizi ulizokuwa ukipanda."

Kijana aliacha kuitikia kwa kichwa. Aliuondoa mkono wa Mama Povu kwenye kifungo, bila ukali, akakifungua mwenyewe. Akasimama, akakung'uta mchanga, akakunja mkanda wake kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kumtazama mwenzake. Aliuliza kama mkewe anajua. Mama Povu akasema hajui.

"Mimi siwezi kumwambia," alisema. "Nikimwambia mimi, atasema namsingizia mama yake."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie leo, mama mkwe."

Breki alikuwa ameshaanza kuikata kamba vipande vifupi kwa kisu, asije mtu mwingine akaiokota akadhani ni nzima. Mama Povu alipopita, Breki alisogea tu kumpisha, kama anavyopishwa mtu yeyote anayetoka.

Duka la cherehani lilikuwa upande wa pili wa stendi. Hakukimbia safari hii. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akaona kwamba akianza na ukungu wa madoa atajitetea, na akianza na zawadi atajipamba. Binti yake alikuwa ameinamia gauni la mtu, pini mdomoni, mguu kwenye pedeli. Alipoinua macho akamwona mama yake na aproni mchana kweupe, alitoa pini akatabasamu, akasogeza vitambaa ili mama apate pa kukaa. Aliuliza kama amepita kwenye jengo, kama amemwona mume wake.

Mama Povu akasema amemwona, yuko chini, mzima. Akamwomba asimamishe mashine. Binti akaondoa mguu kwenye pedeli, akaona uso wa mama yake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na kumwambia aseme tu, asiogope. Akasema. Alianza na beseni, akapita kwenye dawa, na binti akawa anaminya mkono wake kwa huruma, akisema maskini Mama, hukujua. Mama Povu akaendelea mpaka Jumapili, mpaka mezani, mpaka kwenye swali lenyewe na jibu alilolitoa.

Fundi cherehani alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akaondoa mkono wake mmoja, na baada ya kidogo akauondoa na wa pili.